Seu Vella ya Lleida: kanisa kuu lililolaza askari kwa miaka 241

Kwa miaka 241, waliolala ndani ya kanisa kuu la kale la Lleida hawakuwa mapadri wala watawa. Walikuwa askari. Jeshi liliingia mwaka 1707 na halikutoka hadi 1948. Pale ambapo macho yalipaswa kupanda bila kizuizi kutoka sakafuni hadi darini, zilipachikwa sakafu za mbao ili zipatikane ghorofa za kulala. Madirisha yalizibwa. Ua wenye vibaraza vya mawe, mmoja wa nyua kubwa za aina yake barani Ulaya, ukageuzwa jiko. Vizazi vya watu wa mji huo vilizaliwa, vikaoa na kuolewa, vikazeeka na kuzikwa bila kusali hata mara moja ndani ya kanisa walilokuwa wakiliona kila walipoinua kichwa.

Na kuliona si kazi. Lleida iko magharibi ya Catalonia, nchini Hispania, yapata kilomita 150 kutoka Barcelona, katika uwanda wa mashamba ya peasi, pichi na tufaha kando ya mto Segre. Nchi ni tambarare, kwa hiyo kilima kimoja kinatosha kutawala kila kitu. Anayekuja kwa barabara au kwa reli huuona kwanza mnara mrefu wa pembe nane, kisha kuta za ngome, ndipo auone mji wenyewe. Ni majira ya baridi tu, ukungu mzito unapolala bondeni kwa siku kadhaa mfululizo, ndipo Seu Vella, kanisa kuu la zamani kama wenyeji wanavyoliita, linapopotea machoni.

Kilima hicho kiligombewa muda mrefu kabla hakijawa na kanisa. Karibu na hapo, mwaka 49 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliyashinda majeshi ya mpinzani wake Pompey. Baadaye Waislamu wa Al-Andalus waliutawala mji tangu karne ya 8, wakajenga juu ya kilima ngome inayoitwa Suda pamoja na msikiti mkuu. Oktoba 1149 mji ukaanguka mikononi mwa Ramon Berenguer IV, mtawala wa Barcelona, akisaidiana na Ermengol VI wa Urgell. Washindi hawakuubomoa msikiti mara moja. Waliuweka wakfu kwa jina la Bikira Maria, wakasali chini ya dari lake kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1193 baraza la makanoni, yaani mapadri wa kanisa kuu, liliamua kujenga upya, na kazi akakabidhiwa fundi mkuu aitwaye Pere de Coma. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 22 Julai 1203 mbele ya mfalme Pere wa Aragon. Mfalme huyo hakuishi kuona kuta zikifika mbali. Aliuawa vitani huko Muret, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1213. Mwaka uliofuata mwanawe Jaume, mtoto wa miaka sita, aliletwa ndani ya Suda, hatua chache kutoka kwenye ujenzi, akapakatwa na askofu mkuu Aspàreg huku wakuu wa nchi wakimlia kiapo cha utii. Ndiye Jaume I, aliyekuja kuziteka Mallorca na València. Tunaweza kuwaza mlio wa patasi za wachonga mawe ukisikika hadi barazani siku hiyo. Kanisa lenyewe liliwekwa wakfu tarehe 31 Oktoba 1278, Jaume akiwa ameshafariki miaka miwili nyuma na Pere de Coma akiwa kaburini zamani.

Miaka 75 ni mingi, na katika muda huo mitindo ya ujenzi ilibadilika. Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya Seu Vella. Ramani yake ni ya Kiromaneski, mtindo wa kale wa kuta nene na madirisha madogo: msalaba, kumbi tatu zilizolala sambamba, na upande wa mashariki vyumba vya altare vyenye umbo la nusu duara, ambavyo awali vilikuwa vitano. Lakini mafundi walipofika juu hawakulifunika jengo kwa dari zito la pipa kama babu zao. Walitumia mbavu za mawe zinazokatizana, ufundi uliokuwa ukiingia kutoka Ufaransa, ambao hukusanya uzito wa dari na kuupeleka kwenye nguzo badala ya kuusambaza ukutani kote. Mtindo huo ndio uliokuja kuitwa Kigothi.

Matokeo yake ni jengo lenye miguu ya zama moja na kichwa cha zama nyingine. Nguzo zake ni mafungu manene: kila moja imezungukwa na vinguzo vyembamba vinavyopanda hadi kila kimoja kikutane na ubavu wake darini. Hazina wepesi wa makanisa ya Kigothi ya Ufaransa, ambako jiwe huonekana kana kwamba limesahau uzito wake. Hapa jiwe linaonekana likibeba. Pale mikono ya msalaba inapokutana limeinuliwa kuba la pande nane, na ili kutoka kwenye mraba wa nguzo nne hadi kwenye pande nane, mafundi walijenga vitao katika kila pembe. Ukisimama chini yake mchana, mwanga unaoshuka kutoka madirisha ya kuba ndio unaoliangaza kanisa katikati, na kumbi za kando hubaki na kivuli chake. Wengi wa wanaoingia husimama hapo kwanza kabla ya kwenda popote.

Siri ya pili iko milangoni. Mlango wa kusini, Porta dels Fillols, ndio ulioelekea upande wa mji, na watoto walipitishwa hapo kupelekwa kubatizwa. Matao yake yamepangwa moja ndani ya jingine, na karibu kila moja limechongwa: zigizaga, majani yaliyojikunja, kamba za mawe zinazopishana na kufungana bila kuonyesha mwanzo wala mwisho. Sura za watu ni chache. Aliyewahi kuangalia nakshi za Kiislamu za Hispania atatambua mara moja mkono uliopita hapo. Mafundi wa Lleida walikua katika mji ambao Waislamu walikuwa wameutawala kwa zaidi ya miaka 400, na Waislamu wengi walibaki baada ya 1149 wakiendelea na kazi zao. Washindi waliubomoa msikiti, ila ladha ya macho haikubomoka nao.

Uchongaji huo ulipata jina lake, shule ya Lleida, na ukasambaa. Agramunt, mji mdogo kaskazini mashariki, una kanisa ambalo mlango wake umejaa nakshi za namna hiyohiyo. Jaume I alipoiteka València mwaka 1238 na kanisa kuu kuanza kujengwa huko, mlango wake wa zamani kabisa ulichongwa kwa mtindo huo pia. Kwa mtazamaji mwenye subira, ni furaha kubwa kuzifuata zigizaga hizi kutoka mji hadi mji.

Hata hivyo, kitu kinachoifanya Seu Vella isifanane na kanisa jingine lolote ni ule ua. Katika makanisa mengi ya kale ya Ulaya, ua wenye vibaraza pande zote hukaa ubavuni, umejificha, mahali pa makasisi kutembea na kusali kwa utulivu. Hapa uko mbele, upande wa magharibi, kiasi kwamba anayeingia kwa lango kuu hana budi kuupita ili alifikie kanisa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba umbo la kilima halikuacha nafasi kwingine. Wengine wanakumbusha kwamba misikiti ya Al-Andalus ilikuwa na ua mbele ya ukumbi wa sala, na kwamba huenda ua wa msikiti wa zamani ndio uliorithiwa. Maelezo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Ujenzi wa ua ulianza mwishoni mwa karne ya 13 ukaendelea ndani ya karne ya 14, na kasi hiyo ya pole imeacha alama. Madirisha yake ni makubwa, matao yaliyochongoka yaliyojazwa mawe yaliyotobolewa kwa nakshi, na hakuna nakshi ya dirisha moja inayofanana na ya jingine. Moja lina miduara ndani ya miduara. Jingine lina majani matatumatatu. Jingine limesukwa kama kitu cha ukindu. Jua likizunguka, vivuli vya nakshi hizo huanguka sakafuni na kusogea taratibu, na sakafu yenyewe hubadilika sura kutoka saa hadi saa.

Kisha kuna upande wa kusini. Mafundi hawakuufunga kwa ukuta kama desturi. Waliutoboa pande zote mbili, ndani kuelekea bustani ya ua na nje kuelekea mji. Anayesimama kwenye kibaraza hicho anaona mapaa ya Lleida chini yake, mto Segre, mashamba, na hali ya hewa ikiwa njema anaona mbali sana. Ni uamuzi wa kishujaa. Mahali palipozoeleka kuwa pa kujitenga na dunia pamefunguliwa ili dunia ionekane. Na mji nao uliitikia: kandokando ya ua palikuwa na Pia Almoina, taasisi ya kanisa iliyowalisha maskini kila siku, na kuta za chumba chao cha kulia zilichorwa picha za karamu, maskini wakiwa wameketi mezani kama wageni wa heshima. Sehemu ya picha hizo imehifadhiwa hadi leo.

Mnara wa kengele ulikuja mwisho. Ulianza katika karne ya 14, ukakamilika katika karne ya 15, na unasimama kwenye kona ya ua, mbali na kanisa lenyewe. Una pande nane, kimo cha takriban mita 60 na ngazi 238 za kuzunguka. Kengele zake mbili mashuhuri zina majina: Silvestra, inayopiga saa, na Mònica, inayopiga robo. Zote mbili ni za karne ya 15. Karibu na mnara liko lango kuu, Porta dels Apòstols, lililojengwa ili lipokee sanamu za mitume. Sehemu kubwa ya sanamu hizo haipo tena. Vidaka vimebaki vitupu, vizuri mno kwa kitu kitupu.

Miaka hiyo Lleida ilikuwa mji wa vitabu pia. Mwaka 1300 mfalme Jaume II alianzisha hapo Estudi General, chuo kikuu cha kwanza katika himaya ya Aragon. Alfons de Borja, kijana wa eneo la València, alikuja kusoma sheria, akafundisha, akawa kanoni wa kanisa la kilimani, na mwaka 1455 akachaguliwa kuwa Papa Calixtus III. Wanafunzi, mahakimu, makasisi na wafanyabiashara waliishi kwenye mitaa iliyobana pembezoni mwa kilima. Mitaa hiyo haipo tena, na sababu ni vita.

Kilima kizuri kwa kanisa ni kizuri pia kwa mizinga. Katika vita vya Catalonia vya karne ya 17 Lleida ilizingirwa mara kadhaa, na mwaka 1647 hata Condé, jemadari mashuhuri wa Ufaransa, alishindwa kuiteka. Kisha vikaja Vita vya Urithi wa Kiti cha Enzi cha Hispania. Catalonia ilimuunga mkono Karl wa Austria dhidi ya Felipe V, wote wawili wakidai kiti hicho. Katika vuli ya 1707 jeshi la Felipe, chini ya mtawala wa Orléans, liliuvamia mji na kuuteka mwezi Oktoba. Walinzi walijifungia ngomeni kilimani wakasalimu amri mwezi Novemba.

Felipe V hakusamehe. Makasisi walifukuzwa kilimani. Mitaa iliyozunguka kanisa ilibomolewa ili mizinga ipate uwanja wa kupiga. Mwaka 1717 chuo kikuu kilifungwa, na masomo ya juu ya Catalonia yote yakahamishiwa Cervera, mji uliokuwa mtiifu kwa mfalme. Ilitolewa hata amri ya kulibomoa kanisa lenyewe, amri ambayo haikutekelezwa, na hapana shaka kwamba jengo lenye kuta nene na nafasi ya kulaza kikosi kizima lilikuwa na manufaa makubwa mno kwa jeshi kiasi cha kutoliangusha. Ngome mpya ilijengwa kulizunguka. Sehemu ya kumwabudia Mungu ikawa kambi.

Waumini walihamia kanisa la Sant Llorenç, wakasubiri. Makanoni waliendelea kuomba warudishiwe chao kwa zaidi ya miaka 50, hadi walipokubali ahadi ya kujengewa jingine. Mwaka 1761 msingi wa kanisa kuu jipya, Seu Nova, uliwekwa chini bondeni, chini ya mfalme Carlos III, na likawekwa wakfu mwaka 1781. Ni jengo la heshima, safi na lenye mpangilio. Mtu yeyote anayetoka Seu Nova na kuinua macho anaelewa ni nini watu wa mji waliona wamepoteza.

Juu kilimani mambo yaliendelea kuwa mabaya. Mei 1810 majeshi ya Napoleon chini ya Suchet yaliwasukuma raia ndani ya ngome na kisha yakaipiga kwa mabomu huku imejaa wanawake na watoto, hadi iliposalimu amri. Mwaka 1812 ghala la baruti lililipuka na kuiangusha sehemu kubwa ya Suda, jumba alimoapiwa Jaume mdogo. Kanisa lilitikisika, lakini likabaki.

Mwishoni mwa karne ya 19 askofu Josep Meseguer alianza kukusanya kazi za sanaa za jimbo lake katika makumbusho na kupigania kanisa la kilimani. Mwaka 1918 serikali ililitangaza kuwa jengo la kumbukumbu ya taifa. Tangazo hilo halikuwatoa askari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika, Seu Nova ilichomwa moto mwaka 1936, na mji ukajikuta kwa muda bila kanisa kuu hata moja linalofaa kusalia. Aprili 1938 jeshi la jenerali Franco, lililopigana na serikali ya Jamhuri, liliingia Lleida, na Seu Vella ikapewa kazi nyingine: kambi ya wafungwa, wanaume wa upande wa Jamhuri waliokamatwa vitani, wakilala juu ya mawe yaleyale.

Jeshi lilipotoka mwaka 1948, kazi ya kurudisha ilikuwa kubwa. Chini ya mbunifu Alejandro Ferrant, sakafu za mbao zilivunjwa, kuta za kugawanya vyumba zikaondolewa, madirisha ya ua yakazibuliwa na nakshi zilizovunjika kuunganishwa tena. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba karne mbili za dharau zilikuwa pia zimelinda kitu. Makanisa makuu mengi ya Hispania yalivishwa altare za dhahabu, plasta na mapambo ya kibaroko katika karne za 17 na 18, mpaka umbo la kale likafichika. Seu Vella haikupata mtu wa kuipamba. Askari waliziba, wakatoboa, wakapaka chokaa, lakini hawakuibadilisha ladha yake. Chokaa kikikwanguliwa, karne ya 13 ilikuwa chini yake.

Ndiyo maana anayeingia leo anakuta ukumbi mtupu, jiwe la rangi ya mchanga, hakuna viti vya waumini, hakuna altare kubwa ya dhahabu. Utupu huo unavutia sana, na wapiga picha wanaupenda. Lakini ni lazima isemwe kwamba nao ni uamuzi wa watu wa karne ya 20. Makanoni wa mwaka 1400 hawakuliona kanisa likiwa hivyo. Lilikuwa na rangi, mazulia ya kutani, mishumaa, makaburi ya maaskofu na kelele za watu. Wala askari hawakuliona hivyo. Warejeshaji walichagua zama moja na kuziondoa nyingine, na kati ya zilizoondolewa ni ile ndefu kuliko zote isipokuwa ya sala.

Ingekuwa vyema sehemu ya kambi ingeachwa: pembe moja ya sakafu ya mbao, dirisha moja lililozibwa, chumba kimoja walimolala wafungwa wa 1938. Alama zilizobaki ni ndogo, kama majina na michoro iliyokwaruzwa kwenye mawe na watu waliokuwa na muda mwingi wa kupoteza, na mtu huzipita bila kuzitambua asipoonyeshwa. Ngome, kwa upande wake, bado ipo. Mgeni hupanda kutoka mjini, anapita lango la kijeshi na kuta za mizinga, na baada ya hapo ndipo anapofika kwenye mlango wa mitume. Tangu 2016 Hispania imekiweka kilima hicho katika orodha yake ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na kwa kuwa kilichoorodheshwa ni kilima, kuta za askari zimeingia humo pamoja na kanisa.